Mkandarasi Aliyerudishwa Mara Nne

Kama uliwahi kufanya mtihani wa udereva katika mji ule, basi ulitahiniwa na mama huyu, na kama ulitahiniwa naye, kuna neno uliambiwa ambalo hujalisahau mpaka leo. "Rudia." Hakufoka wala hakutukana. Alikuwa anakunja karatasi yake, anafunga kalamu, anasema "Rudia", anashuka garini, na wewe unabaki umeshika usukani kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu. Alifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita. Watu wakamwita Mama Rudia, kwanza kwa siri, baadaye hadharani, mpaka mwenye duka la mtaani ambaye hajui hata gia ni nini akawa anamwita hivyo hivyo, naye anaitika.

Walimsema mengi. Walisema hata mumewe ilibidi ampose mara tatu ndipo akakubaliwa. Uongo mtupu. Alimposa mara mbili.

Mume mwenyewe alikuwa fundi saa, mtu wa maneno machache na vidole vyembamba, aliyekuwa na karakana yake ndogo chumba cha chini cha nyumba yao. Watu wakimletea saa iliyosimama, anaiweka sikioni kwanza kabla hajaifungua, anatikisa kichwa, anasema, "Acha hapa." Basi asubuhi moja Fundi Saa alikuwa anafunga vifungo vya shati, mkono wa kulia ukamkatalia, na kabla hajajua amwite nani, mguu wa kulia nao ukafuata. Kiharusi. Alilazwa wiki sita. Alipotoka hospitali alikuwa anaongea polepole na kutembelea fimbo yenye miguu minne, na hapo ndipo walipoiona nyumba yao kwa macho mengine. Vidato sita vya kuingilia mlangoni, vidato kumi na vinne vya kwenda juu, na huko juu ndiko kulikokuwa na kitanda na bafu.

Binti yao alikuwa anaishi mwendo wa saa mbili kwa gari, kwenye nyumba iliyolala chini bila kidato hata kimoja. Akamchukua baba yake. "Kwa muda tu," walisema wote watatu. Muda ukawa miezi saba.

Mama Rudia alikwenda kila Jumapili na kupiga simu kila jioni. Binti akamwambia, "Mama, uza nyumba uje tukae wote. Unang'ang'ania nini huko peke yako?" Na mtoto hakusema kwa ubaya, maana nafasi ilikuwepo na moyo ulikuwepo. Lakini mama huyu alitaka kitu kimoja tu duniani: mumewe arudi nyumbani kwake, alale kwake, aamke kwake. Tena arudi mapema, kabla hajazoea kuwa mgeni. Kila simu aliona Fundi Saa anauliza kidogo zaidi habari za nyumba.

Akaamua. Karakana igeuzwe chumba cha kulala, stoo iliyo pembeni yake iwe bafu, ukuta wa katikati utobolewe, na nje vile vidato sita viwekewe njia ya mteremko. Alichora mwenyewe kwenye karatasi ya mirabaraba, kwa rula.

Wa kwanza kupata habari alikuwa shemeji yake, mdogo wa Fundi Saa, mtu mwenye moyo mkubwa na nyundo kubwa zaidi. Shemeji huyu ndiye aliyekuwa fundi wa ukoo. Geti la nyumba ile, ambalo lazima ulinyanyue kidogo huku unalisukuma na goti, ni kazi yake. Dirisha la jikoni linalofunguka siku za jua tu, kazi yake pia. Kwa ufupi, chochote mle ndani kilichohitaji kubembelezwa kabla ya kufunguka kilipita mikononi mwa shemeji.

"Shemeji, usihangaike," alisema, akiugonga ukuta kwa vifundo vya vidole. "Jumamosi nakuja na nyundo. Ukuta ni ukuta tu."

"Ukuta huo umebeba chumba changu cha kulala. Ukiuangusha, mimi nitashukia kwenye karakana na kitanda changu."

"Aaa, shemeji! Undugu ni kufaana."

"Ndiyo, na leo nakufaa kwa kukukataza. Nataka mkandarasi mwenye leseni, achukue kibali cha ujenzi, aandike mkataba."

Shemeji akacheka. "Leseni! Leseni si karatasi tu?"

Jamani! Kumwambia Mama Rudia kwamba leseni ni karatasi tu, heri ungemtukania mamaye. Alimtazama shemeji yake kwa jicho lile lile lililowahi kushusha madereva wa malori garini wakitetemeka. "Sikiliza," alisema. "Mimi nimezitoa leseni maisha yangu yote, najua zilivyo. Leseni haikwambii kwamba mtu hatakosea. Inakwambia kwamba siku akikosea, kuna ofisi inayojua anakaa wapi." Shemeji akachukua kofia yake akaenda zake, na kwa siku nne simu yake ikawa haipatikani.

Wakandarasi wakaanza kuja. Mama Rudia aliwapokea mezani sebuleni, chai upande mmoja, ubao wake wa kuandikia upande wa pili, ule ule wa kazini ambao wakati wa kustaafu ulisahaulika kurudishwa. Wa kwanza alikuja ananukia manukato, miwani ya jua juu ya kichwa, akaanza kutaja majengo aliyoyajenga mpaka chai ikapoa. Mama Rudia akamwacha amalize, kisha akaomba leseni, akaisoma mbele na nyuma, akaingia chumbani kupiga simu ofisi ya usajili wa makandarasi. Akarudi.

"Hii ni ya barabara na madaraja."

"Mama, mtu aliyejenga daraja atashindwa na bafu?"

"Aliyefaulu kuendesha basi simpi pikipiki," alisema, akafunga kalamu. Neno lililofuata unalijua.

Wa pili alikuwa mpole, anaongea kama mtu wa msibani, na leseni yake ilikuwa sahihi kabisa ila picha. Picha ilikuwa ya mtu mwenye masikio mengine. "Ni ya kaka yangu, mama," alieleza, "lakini sisi ni kitu kimoja." Mama Rudia akamuuliza, "Na boriti ikianguka, itamwangukia kaka yako?" Bwana yule aliacha nusu ya chai.

Wa tatu alikuja siku ya Alhamisi, saa nne kamili, si dakika moja zaidi. Mama Rudia alikuwa dirishani. Aliliona pikapu dogo likirudi kinyumenyume kwenye nafasi finyu mbele ya geti, mara moja tu, likanyooka na ukingo wa barabara, na akajisemea kimoyomoyo, kweli huyu anajua. Ila aliyekuwa kwenye usukani alikuwa mwanamke. Mkandarasi alishukia mlango wa upande mwingine, faili kwapani, akapambana na lile geti mpaka likamkubali, akapanda vidato. Kwenye kidato cha tatu akainua macho, akamwona aliyesimama mlangoni, akasimama pale pale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umesimama? Ngazi zina nini?"

"Hazina kitu, mama."

Aliingia. Kabla hajaombwa, aliweka mezani leseni ya nyumba za kuishi, bima ya wafanyakazi wake, na orodha ya nyumba tisa alizozitengeneza pamoja na namba za wenyewe. Mama Rudia alipiga simu zake, na kila kitu kilikuwa kimekaa sawa. Ila mtu mwenyewe alikuwa anatoka jasho, na chumba hakikuwa na joto.

"Yule anayeendesha ni dereva wako?"

"Ni mke wangu, mama."

"Na wewe huendeshi?"

Mkandarasi akatazama kikombe. "Mimi, mama... wewe ndiye uliyenirudisha. Mara nne."

Lo! Mama Rudia alimtazama vizuri, na wala hakumkumbuka. Wangapi angewakumbuka? Alimuuliza kama amekuja kulipiza kisasi, akauliza kwa uso mkavu kabisa, na mkandarasi akajibu kwamba mjini pale, kama angewakwepa wote waliowahi kumrudisha mtu, angekosa hata wa kumkopesha ndoo. Mama Rudia alikaribia kucheka. Akasukuma mbele ile karatasi yake ya mirabaraba.

Mkandarasi aliisoma kwa muda mrefu. Alikwenda karakana akapima, akapima stoo, akagonga ukuta huku amelaza sikio, akasema ukuta huu umebeba kweli, utahitaji boriti ya chuma na nguzo za kushikilia wakati wa kutoboa. Kuhusu mteremko alisema lazima uwe mrefu, uzunguke upande wa bustani: kwa kila sentimita moja ya kupanda, sentimita kumi na mbili za kwenda mbele, maana mteremko mfupi ni maporomoko. Mama Rudia akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha mkandarasi akaweka kidole kwenye bafu.

"Hapa hapana mlango."

"Pana pazia."

"Kwa nini pazia, mama?"

"Nitamwona vipi akianguka? Na hapo pembeni nimeweka nafasi ya kiti changu."

Mkandarasi akakunja mita yake. "Mama, mimi siandiki bei wala sichori mpaka nionane na atakayekitumia chumba. Ndiyo desturi yangu. Tungekwenda kumwona mzee."

"Mteja ni mimi. Mzee anaumwa, hata kutembea hatembei. Nitakueleza mimi anachohitaji."

"Sawa, mama. Lakini siandiki."

"Basi nenda."

Na akaenda! Kwa adabu zote, akakusanya karatasi zake, akashukuru kwa chai, akainamisha kichwa, akaondoka. Mama Rudia alibaki sebuleni na hasira zake. Mtu aliyefeli mara nne anamwekea masharti yeye. Dunia imekwisha.

Wiki mbili zikapita. Mkandarasi mwingine hakupatikana, au alipatikana akawa hana leseni, au anayo na kazi zimemjaa hadi mwakani. Shemeji akafufuka, simu ikawa inapatikana, akaja kusimama karakana akiutazama ukuta kama mtu anayetazama nyama buchani. "Jumamosi tu, shemeji," alisema. "Kibali tutakitafuta baadaye." Na Mama Rudia, ambaye hakuwahi kumpitisha mtu hata kwa kusahau taa ya kuonyesha, alijikuta hajasema hapana. Alisema, "Nitafikiri." Shemeji mwenyewe alishtuka.

Jioni ile Mama Rudia alipiga simu kama kawaida. Fundi Saa alichukua muda kupata maneno, kisha yakatoka yamenyooka. "Uza nyumba, mke wangu. Nimekuchosha kusubiri. Mimi hapa nimeshazoea."

Alimwambia asiseme upuuzi, akamtakia usiku mwema, akakaa na simu mapajani. Neno lililomuuma si kuuza. Ni kuzoea. Alilia kidogo, si sana, maana hakuwa na mazoea ya kulia, na kulia nako kunataka mazoezi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mama Rudia, ambaye hakuwa ameinama kwa mtu tangu siku ya kwanza kazini, aliitafuta namba ya mkandarasi.

"Ile safari ya kwenda kumwona mzee," alisema bila hata salamu. "Unaweza lini?"

"Kesho saa mbili asubuhi tutakuwa getini kwako, mama," alijibu mkandarasi.

Mke wa mkandarasi ndiye aliyeendesha. Mama Rudia alikaa nyuma, mkoba mapajani, na kila kwenye kona mguu wake wa kulia ulikandamiza sakafu. Walipoimaliza kona ya nne mwanamke yule alimwangalia kwenye kioo, akatabasamu. "Mama, huko nyuma hakuna breki."

"Najua, mwanangu. Endesha."

Walipotoka mjini Mama Rudia aliuliza swali ambalo lilikuwa limemkaa kooni tangu Alhamisi ile. "Wewe baba, ulishindwa nini hasa? Mara nne zote?"

Mkandarasi aligeuka kidogo. "Hata mimi sijui, mama. Kuendesha nilikuwa najua, muulize huyu aliyenifundisha. Akikaa yeye pembeni, gari linakwenda lenyewe. Ukikaa wewe na ile kalamu, mguu wangu unasahau klachi ni ipi."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Ulikuwa unaandika."

Mama Rudia alitazama nje.

Fundi Saa alikuwa barazani kwenye kiti, shati jeupe, nywele zimechanwa na binti yake. Alipomwona mkewe uso ulichanua, kisha alipomwona anakuja kasi, uso ukajifunga tena kidogo. Mama Rudia alimbusu kwenye paji, akamnyoosha kola, na kabla mgeni hajakaa akaanza kazi. "Nyanyuka umwonyeshe mkandarasi unavyotembea. Polepole. Fimbo kwanza. Halafu mguu wa kulia. Fimbo kwanza, nimesema! Usitazame chini." Mzee alinyanyuka. Akaweka fimbo, akavuta mguu, akaweka fimbo, akavuta mguu, goti likaanza kutetemeka, akarudi kitini, jasho mdomoni.

"Umeona?" Mama Rudia akamwambia mkandarasi. "Hatua mbili."

Mkandarasi hakuandika chochote. "Mama," alisema, "naomba chai, kama haitakuwa taabu."

Mama Rudia akaingia jikoni kwa binti yake. Maji hayakuwa yamechemka alipochungulia dirishani, na alichokiona kilimfanya asogee nyuma ya pazia. Mkandarasi alikuwa amepiga magoti uani, kwenye sakafu ya saruji, na chaki mkononi, mkewe ameshika ncha ya mita. Walikuwa wanachora chumba, kizima, kwa kipimo chake halisi. Hapa kitanda. Hapa ukuta uliotobolewa. Hapa bafu, na kiti cha jikoni kikawekwa kuwa choo. Fundi Saa alitazama yote akiwa kitini, kichwa ameinamisha upande mmoja, kama alivyokuwa akizisikiliza saa zake.

"Mlango wa bafu uko wapi?" aliuliza.

"Uonyeshe wewe, mzee, nami nitauchora."

Mzee akainuka. Peke yake. Hakuna aliyemshika wala kumwambia fimbo kwanza. Alitoka barazani, ambako sakafu ilikuwa sawa na ua, akavuka mstari wa kwanza wa chaki, akapita pembeni ya kitanda cha chaki, na nyuma ya pazia Mama Rudia alikuwa anahesabu, mdomo unatembea bila sauti. Tatu. Tano. Nane. Ya tisa aliyumba, na yeye jikoni akashika meza. Kumi. Kumi na moja. Akaonyesha kwa fimbo mahali pa mlango, mkandarasi akauchora ukifungukia nje, mzee akaingia, akageuka mle ndani bila kukanyaga mstari, akakaa. Mkandarasi na mkewe wakageuza nyuso wakatazama ua wa jirani, kwa heshima, kana kwamba kweli mtu yuko chooni. Kisha mzee akasema kitu, na wote watatu wakacheka.

Mama Rudia alikuwa ameshafika mlangoni. Binti akamshika bega. "Mama. Usiende."

"Anatembea hivi tangu lini?"

"Mwezi wa pili huu."

"Na Jumapili ninazokuja?"

Binti alipunguza moto wa chai kwanza. "Anasema ukimtazama anajiona yuko kwenye mtihani. Usikasirike, mama. Alinikataza kukwambia."

Alifurahi. Haki ya Mungu alifurahi, mumewe anatembea! Na hapo hapo akaumia, akavuta kigoda akakaa. Miaka ishirini na sita aliamini kwamba watu wanatetemeka kwa sababu hawajui. Akawaza ni wangapi walikuwa wanajua. Halafu akawaza kwamba wapo pia waliokuwa hawajui kabisa na wangeua watu, kwa hiyo asijionee huruma kupita kiasi. Akamimina chai, akaitoa kwa mikono yake, na aliporudi barazani hakusema neno juu ya hatua. Alimkuta mzee ameshakaa. Alimuuliza tu, "Unataka mlango?"

"Nataka," alisema Fundi Saa. "Miezi saba sijafunga mlango nikiwa ndani."

Mkataba ulisainiwa wiki ile. Mlango ungefungukia nje, ili mtu akianguka asiuzibe, na komeo lake lingekuwa la aina inayoweza kufunguliwa kutoka nje kwa sarafu, jambo hilo likiwa ushindi mdogo wa Mama Rudia. Kiti chake alikifuta kwenye mchoro mwenyewe, kwa ufutio.

Kibali kilichukua wiki tatu, kazi ikachukua nane. Siku ya kwanza alishuka na kigoda na ubao wake akakaa katikati ya karakana, na kufikia saa sita fundi mmoja alikuwa ameshajipiga nyundo kidole mara mbili. Mkandarasi akaja akamwinamia. "Mama, tukubaliane. Saa kumi jioni, mafundi wakishaosha mikono, nyumba ni yako, kagua mpaka uchoke. Kabla ya hapo niachie mimi." Akakubali, kwa taabu. Na usidhani jicho lile lilikuwa bure. Wiki ya sita alimwaga ndoo ya maji kwenye vigae vipya vya bafu, akasimama kuyatazama, maji yakatiririka taratibu kuelekea mlangoni badala ya kwenye tundu. Akamtazama mkandarasi. Mkandarasi akayatazama maji, akavua kofia.

"Nirudie?"

"Rudia."

Vigae vikang'olewa siku ile ile. Shemeji naye alipita kuja kudhihaki, akakuta nguzo kumi na mbili za chuma zimesimama chini ya ule ukuta wake wa Jumamosi, akazihesabu moja moja. Kabla hajaondoka alisikika akimuuliza mkandarasi kama rangi wanapaka wenyewe au wanatafuta mtu. Alipaka vyuma vya kushikia vya mteremko, vyote, na vingefunguka bila kubembelezwa, ningesema, kama vingekuwa vitu vya kufunguka.

Fundi Saa alirudi siku ya Jumamosi, saa tano asubuhi, jua la wastani. Gari la binti lilisimama kando ya bustani. Mkandarasi alikuwepo na mkewe, shemeji alikuwepo na rangi kwenye kucha, wote wamejipanga kama watu wanaomsubiri bwana harusi. Mzee alishuka, akashika chuma kwa mkono wa kushoto, akautazama ule mteremko mrefu unaozunguka maua. Mama Rudia alikuwa juu mlangoni. Alifungua mdomo. Akaufunga. "Funguo za stoo nimeziacha wapi?" alisema kwa sauti, kwa nani sijui, akawageukia wote mgongo, akaingia ndani. Alisimama jikoni akitazama ukuta mpaka aliposikia fimbo inagonga kwenye sakafu ya ukumbi.

Mzee alizunguka chumba chake. Aligusa kitanda, akagusa meza yake ya saa iliyosogezwa chini ya dirisha, akagusa boriti ilipopita, akamwambia mkandarasi, "Imekaa." Kisha akasema anataka kuoga. Mama Rudia alikuwa ameshika taulo. Alimwekea begani, mkono ukachelewa kidogo kuondoka pale begani, kisha ukaondoka. Mzee akaingia, akafunga mlango.

Wageni wakatoka nje kuangalia maua. Mama Rudia alibaki mbele ya mlango wa bafu, sarafu ndani ya ngumi, anasikiliza. Maji yakafunguliwa. Yakaendelea. Halafu kitu kikaanguka, kishindo kizito, na mkono wake ukawa umeshafika kwenye komeo.

"Sabuni hiyo," sauti ya Fundi Saa ikasema kutoka ndani, polepole. Maji yakatiririka. "Mke wangu. Uko mlangoni?"

"Sipo," alijibu.

Kwanza palikuwa na maji tu. Kisha mzee akacheka, kicheko chake cha zamani kile cha puani, kikagonga vigae na kurudi, wala hakikuwa na haraka ya kwisha. Mama Rudia alijifuta macho kwa kiganja. Akaondoka kuelekea jikoni, akiburuta kandambili sakafuni kwa nguvu kuliko kawaida yake, ili mzee asikie kwamba anakwenda.